Chembe Ndani ya Plastiki Inapopigwa kwa Kasi

Plastiki nyingi zinazotumika majumbani, barabarani na viwandani si plastiki tupu. Bomba la maji la PVC lina unga wa chokaa ndani yake. Bampa ya gari ni polipropilini iliyochanganywa na mpira na unga wa talki. Tairi lina masizi meusi yanayoitwa kaboni nyeusi, na bila hayo lingelika upesi mno. Hata ule ujazo mweupe ambao daktari wa meno huzibia jino ni polima iliyoshindiliwa unga laini wa kioo. Vitu hivi vyote ni vya ukoo mmoja: polima inayoshika, na chembe zinazoshikwa. Wataalamu huviita kompositi za chembe. Muundo wake ni kama wa zege, ambamo saruji hushika na kokoto hubeba.

Sababu za kutia chembe ni nyingi. Chokaa ni rahisi kuliko PVC, kwa hiyo gharama hushuka. Talki huifanya bampa isilegee juani. Alumina, yaani oksidi ya alumini iliyosagwa, hupitisha joto vizuri kuliko gundi ya epoksi, na ukakamavu wake, ile tabia ya kukataa kupinda na kubonyea, ni zaidi ya mara 100 ya ule wa epoksi. Katika maabara ya kawaida, ambako mashine hukibana kipande taratibu kwa dakika nzima, hesabu za mchanganyiko huu hutoka vizuri: chembe zikizidi, ukakamavu nao hupanda. Mtu akiishia hapo ataamini kwamba kitu kilichokakamaa zaidi ndicho kitakachostahimili pigo zaidi. Pigo la kasi halifuati hesabu hiyo, na wabunifu wengi wamelipia imani hiyo kwa vipande vilivyopasuka.

Jambo la kwanza linalobadilika ni muda. Polima ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Ikivutwa polepole, minyororo hupata nafasi ya kujinyoosha, kupishana na kuteleza, na nguvu iliyoingia hutawanyika humo. Pigo likija ghafla, nafasi hiyo haipo. Minyororo hukaa ilipo, na plastiki iliyokuwa ikipinda mkononi huwa ngumu na hukatika kama kioo. Kwa sababu hiyo kuongeza kasi ya pigo kunafanana sana na kushusha joto: mpira laini, ukipigwa kwa kasi ya kutosha, hufanya kazi kama mpira uliogandishwa. Chembe ya alumina au ya kioo haina tabia hiyo. Ugumu wake haubadiliki sana kasi inapopanda. Basi ndani ya kipande kimoja kuna maada mbili, moja inabadilika kwa kila hatua ya kasi na nyingine inabaki vilevile, na tofauti kati yao haikai mahali pamoja.

Jambo la pili ni joto. Kitu chochote kinachobonyezwa hadi kikapoteza umbo lake huzalisha joto. Kikibonyezwa taratibu, joto hilo huondoka. Polima hupitisha joto vibaya, na katika pigo linalokwisha ndani ya sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde, joto hubaki palepale lilipozaliwa. Joto la epoksi iliyobonyezwa sana huweza kupanda kwa makumi ya nyuzi kwa kufumba na kufumbua. Hapo nguvu mbili hushindana: kasi inaikaza polima, joto linailegeza. Chembe huongeza ukali wa ushindani huo, kwa kuwa polima iliyobanwa katikati ya chembe mbili ngumu hulazimika kubonyea kuliko wastani wa kipande kizima, na huko ndiko joto hujikusanya.

Ngazi ya chini kabisa ya mapigo haya ni ile ya nyundo inayobembea. Mfaransa Georges Charpy aliieleza njia yake mwaka 1901, na Mwingereza Edwin Izod ya kwake mwaka 1903. Kipande kidogo chenye mkato hupigwa na nyundo iendayo mita tatu au nne kwa sekunde, kisha hupimwa nishati iliyotumika kukivunja. Kasi hiyo ni ya mtu anayekimbia taratibu, lakini inatosha kufichua mambo ambayo mashine ya polepole huyaficha. Bomba la PVC ni mfano mzuri. Chokaa iliyosagwa laini sana, ikapakwa asidi ya steariki ili isishikane mabonge, na ikatiwa kwa kiasi, hailiharibu bomba. Ikiwa nene au ikizidi, kila punje huwa mahali pa ufa kuanzia. Bomba la namna hiyo laweza kushika maji vizuri siku ya kwanza, kisha likapasuka likiangushwa kutoka kwenye lori. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vinataka bomba liangushiwe uzito likiwa limepozwa hadi nyuzi sifuri, hata kama litafukiwa katika nchi ya joto. Ubaridi hapo unafanya kazi ya kasi: unainyima minyororo nafasi ya kusogea.

Si kila chembe ni ngumu. Plastiki ya ABS, inayotengenezewa magamba ya kofia nyingi za waendesha pikipiki na bodaboda, ina vitone vya mpira vyenye upana usiofikia hata sehemu ya elfu moja ya milimita, vilivyotawanywa ndani ya plastiki ngumu. Mpira ni laini kuliko kinachouzunguka, kwa hiyo kwa akili ya kawaida ungetarajiwa kudhoofisha. Kinachotokea ni kinyume. Mbele ya ncha ya ufa, plastiki huvutwa pande zote kwa pamoja na haiwezi kunyumbuka. Kitone cha mpira kilichoko hapo hupasuka kwa ndani, kikaacha kitundu, na mvutano ule wa pande zote hufunguka. Plastiki iliyokizunguka hupata nafasi ya kuteleza na kunyooka badala ya kukatika. Maelfu kwa maelfu ya vitone hufanya hivyo kwa wakati mmoja, na eneo lililopigwa hugeuka jeupe. Weupe ule unaoonekana kwenye kipande cha ABS kilichopindwa kwa nguvu ni alama ya vitundu hivyo na ya mipasuko midogo sana iliyovizunguka.

Lakini vitone hivyo vina sharti. Mpira lazima ubaki mpira kwa muda wote wa pigo. Mpira wa polibutadiene hufaa kwa kuwa hugeuka kioo karibu na nyuzi 90 chini ya sifuri, na kwa hiyo una akiba kubwa ya ulaini kabla kasi haijaumaliza. Mpira wenye akiba ndogo ungefanya kazi vizuri kwenye nyundo ya maabara, kisha ukashindwa barabarani. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa inayohusu kofia za pikipiki ilizoea kuangusha kofia kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde. Toleo lake la 06 limeongeza jaribio la mita 8.2, na jingine la mita 6, kwa kuwa kofia iliyoundwa kwa pigo zito tu huweza kuwa ngumu mno kwa pigo jepesi. Gamba peke yake haliokoi kichwa. Povu la ndani ndilo linalomeza sehemu kubwa ya nishati. Kazi ya gamba ni kulitandaza pigo, na gamba lililopasuka vipande mapema haliwezi kulitandaza.

Kupima juu ya ngazi hiyo ni kazi ngumu, kwa sababu kipande huvunjika kabla kifaa cha kawaida hakijaandika lolote. Njia iliyoshinda tatizo hilo ilianza kwa Bertram Hopkinson wa Cambridge. Mwaka 1914 alieleza jinsi ya kupima pigo la risasi na la mlipuko kwa kutumia fimbo ndefu ya chuma: pigo huingia upande mmoja, husafiri ndani ya fimbo kama wimbi, na wimbi hilo ndilo linalobeba habari. Hopkinson alifariki mwaka 1918 katika ajali ya ndege. Herbert Kolsky, mwaka 1949, aliikata fimbo hiyo vipande viwili na kuweka sampuli katikati. Inafaa ikumbukwe kwamba miongoni mwa vitu alivyovijaribu tangu mwanzo zilikuwamo polima: polithini, mpira na ile plastiki angavu kama kioo.

Jaribio la fimbo ya Kolsky linavyofanyika hadi leo linastahili kuangaliwa kwa karibu. Sampuli ni kisahani kidogo chenye umbo la sarafu nene, unene wake milimita chache. Nyuso zake hupakwa mafuta ili zisishikwe na fimbo zinapotanuka. Fimbo fupi hurushwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kuigonga fimbo ya kwanza. Wimbi hupita kwenye chuma kwa kasi ya mita 5,000 hivi kwa sekunde, hufika kwenye sampuli, sehemu yake hurudi na sehemu hupenya hadi fimbo ya pili. Nyaya nyembamba zilizobandikwa kwenye fimbo huandika mawimbi yote matatu, na kutokana nayo hukokotolewa nguvu iliyokibana kisahani na kiasi kilichobonyea. Yote huisha ndani ya sehemu kama 100 za milioni ya sekunde. Kwa polima laini, chuma hakifai, kwa kuwa wimbi linalopenya ni dogo mno kusomeka. Hutumika fimbo za alumini, za magnesiamu au hata za plastiki. Kwa kompositi ya chembe kuna tahadhari nyingine: kisahani lazima kiwe chembamba ili wimbi lirudierudie ndani yake na kukibana sawasawa, na papo hapo kiwe kinene cha kutosha kubeba chembe nyingi. Kisahani chenye punje nene tatu kwa unene wake hakipimi kompositi. Kinapima punje tatu.

Majaribio ya aina hii yameonyesha mara nyingi jambo moja kuhusu epoksi na ndugu zake: zikibanwa kwa kasi ya mara milioni moja kuliko ile ya maabara ya kawaida, hazikubali kubonyea hadi nguvu ipande sana, lakini pia huvunjika zikiwa zimebonyea kwa kiasi kidogo kuliko kawaida. Chembe ngumu huongeza lile la kwanza. Kama zitazidisha au zitapunguza la pili, hilo hutegemea mpaka baina ya chembe na polima.

Mpaka huo huonekana vizuri mtu akiifuata chembe moja. Risasi ya bastola, yenye kasi ya mita 400 hivi kwa sekunde, inapogusa ubao wa epoksi wenye alumina, wimbi la mbinyo huanza kukimbia ndani ya epoksi kwa mita kama 2,600 kwa sekunde. Ubao wa sentimita moja hupitwa ndani ya sehemu nne za milioni ya sekunde, na katika muda huo risasi haijaingia hata milimita mbili. Wimbi limekwisha fika nyuma ya ubao kabla risasi haijatoboa. Njiani linakutana na punje ya alumina yenye upana wa sehemu kumi za elfu moja ya milimita. Alumina ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko epoksi, na wimbi hukimbia ndani yake kwa takriban mita 10,000 kwa sekunde. Ukizidisha uzito wa ujazo kwa kasi ya wimbi, unapata upinzani wa maada dhidi ya wimbi, na upinzani wa alumina ni zaidi ya mara kumi ya ule wa epoksi. Wimbi likigonga ukuta wa namna hiyo, sehemu kubwa hurudishwa. Inayopenya hupita punje kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde na kutokea upande wa pili, huku wimbi lililopita kando, ndani ya epoksi, likiwa bado nyuma. Punje nzito nayo husita kusogea wakati epoksi iliyoizunguka imekwisha anza safari. Kwa hiyo kwenye ngozi ya punje kuna msuguano, kuvutana na kusukumana kwa wakati mmoja.

Zidisha hayo kwa mamilioni ya punje. Uso wa wimbi ulioingia ukiwa mkali kama ukuta hutawanywa huku na huko, na hutoka ukiwa mnene na mteremko. Huo ni msaada halisi, kwa sababu pigo lililotandazwa kwa muda mrefu huumiza kidogo kuliko lilelile likija kwa mkupuo. Lakini msaada huo hulipiwa kwenye mipaka. Polima ikiwa imeshikamana dhaifu na punje, hubanduka, kuanzia upande ambao mvuto ni mkali. Kitundu kidogo huzaliwa. Vitundu vikiwa vichache na mbalimbali, na polima ikiwa na uwezo wa kunyumbuka, kila kimoja hukua na kumeza nishati. Vikiwa karibukaribu, huungana, na ufa hupita njia ambayo umetengenezewa. Ndiyo maana viwandani punje za kioo na silika hupakwa silani, dawa ambayo molekuli yake hushika kioo kwa upande mmoja na polima kwa upande wa pili. Wapo wanaodhani mshiko ukizidi ni heri zaidi. Si lazima. Mpaka usiobanduka kabisa huzuia vile vitundu vilivyokuwa vikila nishati, na kipande huvunjika kwa mara moja. Mtengenezaji hodari hatafuti mshiko mkubwa kuliko yote. Anatafuta ule utakaoachia kwa wakati wake.

Hatari kubwa zaidi huja wimbi linaporudi. Wimbi la mbinyo likifika kwenye uso wa nyuma, ambako hakuna kitu cha kulipokea, hugeuka kuwa wimbi la mvuto na kurejea ndani. Hopkinson alionyesha katika kazi yake ya 1914 kwamba bamba la chuma hubanduka kipande kwa nyuma, upande ambao mlipuko haukuugusa. Kompositi ya chembe ni dhaifu hasa kwa mvuto, kwa kuwa kila mpaka wa chembe ni mlango wa kubanduka. Ubao waweza kuizuia risasi kwa mbele na bado ukarusha vipande kwa nyuma.

Epoksi yenye alumina imechunguzwa kwa undani kuliko nyingi za aina yake, hasa katika maabara ya Sandia huko New Mexico, Marekani. Huko hutumika kufunika vipande vya kauri vinavyotoa umeme vikipigwa na wimbi la mshtuko. Inakinga umeme usivuje na inaunganisha kauri na kilichoko nje. Alumina huchukua zaidi ya theluthi moja ya ujazo. Bamba hurushwa kwa bunduki ya gesi likagonga sampuli uso kwa uso, na mwali wa leza husoma jinsi nyuma ya sampuli inavyosogea. Matokeo yanafundisha. Shinikizo linalofikiwa hutegemea zaidi kiasi cha alumina kuliko umbo la punje zake, ilhali unene wa uso wa wimbi hutegemea punje. Tena, wimbi la kulegeza, lile linalofuata nyuma kuondoa shinikizo, hukimbia kwa kasi kubwa isiyo ya kawaida, kwa kuwa punje zilizokwisha bananishwa hulipitisha kutoka moja hadi nyingine. Linaukamata uso wa mshtuko na kuula. Mshtuko mfupi hufifia upesi ndani ya maada hii kuliko ndani ya epoksi tupu.

Ukubwa wa chembe una neno lake. Silika ya nanomita 20, ikitawanywa moja moja ndani ya epoksi, huongeza ugumu wa kupasuka bila kuifanya epoksi kuwa nzito au kiza. Watafiti wa Imperial College mjini London wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya faida hiyo hutokana na kubanduka kwa chembe na kukua kwa vitundu. Silika hiyohiyo ikishikana mabonge ni hasara, kwa sababu bonge ni punje kubwa isiyo na gundi ndani yake. Chembe zenye uwazi ndani, yaani vipira vya kioo vyembamba, hufanya kazi tofauti: huvunjika kimoja baada ya kingine na kumeza pigo kwa kusagika, kazi ambayo kila kipira huiweza mara moja tu. Zipo pia kompositi zinazotakiwa zivunjike. Risasi za mazoezi zilizotengenezwa kwa unga wa shaba au wa tungsteni ndani ya nailoni husambaratika zikigonga bamba la chuma, zisimrudie mpigaji, na hazitapakazi madini ya risasi kwenye uwanja.

Juu ya ngazi yote kuna anga za juu. Taka zinazozunguka dunia hugongana na vyombo kwa wastani wa kilomita kama 10 kwa sekunde, kasi inayopita mbali ile ya wimbi la sauti ndani ya epoksi. Pigo la namna hiyo hutangulia habari zake lenyewe: maada iliyoko mbele haipati fununu kabla mshtuko haujaifikia. Shinikizo hupita mbali nguvu ya kila kifungo, polima na chembe hutiririka pamoja kama majimaji, na sehemu yake huyeyuka au kuwa mvuke. Mshiko wa silani, vitone vya mpira na unene wa punje havina tena la kuamua hapo. Kinachobaki kuhesabiwa ni uzito wa ujazo na unene. Kwa sababu hiyo vyombo vya angani havitegemei ubao mmoja mnene. Fred Whipple alipendekeza mwaka 1947 kwamba bamba jembamba litangulizwe mbele, lilivunjevunje jiwe dogo liwe wingu la vumbi, na ukuta wa ndani, uliowekwa nyuma kwa umbali, upokee wingu hilo likiwa limetapakaa. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinalindwa kwa ngao za mpango huo, nyingi zikiwa zimeongezewa tabaka za vitambaa vya nyuzi za kauri na Kevlar katikati.